Hiace ya Dizeli, Kompyuta Yangu na Arubuni ya Mama

Wasomaji wangu, nimekuwa adimu humu ndani kwa miezi mitatu hivi, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa natafuta gari. Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za programu, hifadhidata na vituko vya mifumo ya malipo, msikimbie, kwa sababu kompyuta imo ndani ya habari hii na ndiyo iliyoniponza.

Kwetu ni Kikoneni, Kwale, upande wa Lunga Lunga. Ukitoka Likoni unaifuata barabara kuu ya kwenda mpaka wa Tanzania, unapita Ukunda, unapita Msambweni, halafu unaiacha barabara kuu na kuingia bara kwenye minazi, mikorosho na vilima. Ni mahali pazuri pa kuzaliwa na pagumu pa kuugua. Mama ana sukari na presha, na kila mwezi lazima ashuke kliniki hospitali kuu ya Msambweni. Siku ya kliniki huamka saa tisa za usiku, maana akikosa gari la kwanza itambidi apande bodaboda mpaka barabara kuu, mwanamke wa miaka 61 mwenye magoti mabovu, amemkumbatia kijana asiyemjua.

Kaka yangu mkubwa naye alikuwa dereva. Aliendesha basi la mkandarasi mmoja aliyekuwa akibeba wafanyakazi wa mgodi wa titani, ule wa Base Titanium huko Maumba na Nguluku. Mgodi ulimaliza kuchimba Desemba 2024, kama ilivyokuwa imetangazwa mapema, na kaka akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Kwa miezi kadhaa alikaa barazani akihesabu magari yanayopita. Mwisho akasema: tununue gari la abiria, watu 14, la dizeli. Asubuhi libebe walimu na akina mama wa sokoni, mchana likodishwe kwa harusi na matanga, na siku ya kliniki Mama akae kiti cha mbele kama mtu.

Pesa tulichanga hivi: kaka laki nane, mimi laki nne zilizokuwa za kiwanja, Mama laki moja na nusu za korosho na chama. Jumla shilingi 1,350,000. Sijawahi kuwa karibu na pesa nyingi kiasi hicho, ingawa kazini kila siku naandika programu zinazohamisha mamilioni ya watu wengine.

Kwa nini dizeli? Noah za petroli zimejaa na bei yake si mbaya. Lakini gari linalobeba watu 14 na magunia ya nazi juu, likipanda kilima kwa gea ya pili, linataka nguvu ya chini, ile ya injini inapozunguka polepole, na hapo dizeli ina mwenyewe. Petroli inawashwa kwa cheche. Dizeli haina cheche, inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto wa kuwasha mafuta, ndiyo maana injini yake ni nzito, ina kelele, na ikitunzwa huzeeka vizuri. Halafu kuna bei. EPRA hutangaza bei za mafuta tarehe 14 kila mwezi, na kwa muda mrefu dizeli ilikuwa chini kidogo ya petroli. Kwa gari la kuzunguka kutwa, hicho kidogo ni ada ya shule.

Kuagiza kutoka Japani hatukuweza. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mwaka 2025 lilitakiwa liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye, na Hiace ya 2018 ikishafika Kilindini na kulipiwa ushuru ilikuwa mbali sana na mfuko wetu. Ikabaki kununua lililokwisha kutumika hapa hapa.

Basi tukaenda Mombasa, kwenye yadi moja ambayo sitaitaja. Tukaonyeshwa Hiace nyeupe ya 2012, iliyoingia nchini 2019, chesisi ya KDH201. Kwa wasiojua: Hiace za umbo hili la boksi zilianza kutoka 2004, na hizo herufi za KD zinakuambia injini ni ya ukoo wa KD, dizeli ya kisasa yenye turbo na kompyuta. Hii ilikuwa 1KD, sisi 2,982. Ndani safi, viti vimefunikwa upya, imepuliziwa marashi ya ndimu. Mileji 148,000. Bei 1,450,000, maongezi yapo.

Hapo ndipo nilipotoa kifaa changu. Kila gari la miaka hii lina tundu la pini 16 chini ya usukani, na ukichomeka adapta ya ELM327 unaweza kuzungumza na kompyuta ya injini kutoka kwenye simu. (Kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo, Elm Electronics, ilifunga biashara 2022, huku nakala bandia zake zikiuzwa kila kona ya dunia. Yangu ni bandia, nilinunua kwa bei ya sahani mbili za biriani.) Nilikuwa nimeandika skripti ndogo ya Python ya kuuliza maswali na kuhifadhi majibu kwenye faili. Nikachomeka, taa zikawaka, majibu yakaja. Makosa yaliyohifadhiwa: hakuna. Taa ya onyo: imezimwa. Joto la injini 84. Kila kitu sawia.

Nikamgeukia kaka mbele ya muuzaji, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Gari safi. Kompyuta haioni kosa lolote."

Kaka hakusoma kompyuta. Amenisomesha mimi, mshahara wa basi ule ndio ulionilipia mwaka wa tatu na wa nne wa chuo. Aliponiona nasema vile alifurahi kuliko mimi. Tukapatana 1,330,000, tukatoa arubuni ya laki moja, tukapewa risiti ya mkono, na salio tukaahidi baada ya siku saba. Arubuni ile ilitoka kwenye pesa za Mama, kwa sababu ndizo zilizokuwa tayari kwenye simu.

Usiku nikiwa chumbani kwangu Mombasa nikafungua lile faili, si kwa shaka yoyote, nilitaka tu kupanga majibu yake vizuri ili niandike makala ya kujitapa hapa kwenye blogu. Nikakuta mstari huu:

41 31 00 03

Swali namba 31 ni la umbali uliotembea gari tangu kumbukumbu za makosa zifutwe. Si kila gari hujibu swali hili, lakini hili lilijibu. Baiti mbili za mwisho ndizo kilomita: 0 mara 256, jumlisha 3. Kilomita tatu. Na mstari wa juu yake, idadi ya mara injini ilizopata moto tangu kufutwa: moja.

Yaani gari lililotembea kilomita 148,000, kama dashibodi ilikuwa mkweli, lilifutwa kumbukumbu zake asubuhi ile ile kabla hatujafika, likazungushwa kidogo lipate moto, likaegeshwa. Mimi kazini nikiambiwa seva haina kosa hata moja kwenye kumbukumbu, jambo la kwanza ninalouliza ni nani amezifuta. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Jibu nilikuwa nalo kwenye faili langu mwenyewe mchana kutwa, na sikulisoma, kwa sababu nilikuwa nimeshaona lile nililotaka kuliona na kaka alikuwa ananitazama.

Sikulala. Kufuta makosa si lazima iwe hila. Fundi akibadilisha sensa hufuta, betri ikichomolewa kwenye magari mengine hufutika. Nilijipa moyo kwa hoja hizo mpaka alfajiri. Halafu nikampigia kaka na kumwambia kwamba nililolisema jana nililisema kabla ya kumaliza kusoma. Akanyamaza muda mrefu. Akauliza, "Sasa Mama nimwambie nini?" Nikamwambia usimwambie kitu, nitamwambia mimi.

Kaka anamjua mzee mmoja fundi wa dizeli pale Ukunda, mtu wa miaka ya sitini na kitu, amefungua injini tangu zama za malori ya Bedford. Tukaenda. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi," akaitika marahaba huku akiendelea kusafisha mikono kwa dizeli. Nikamweleza habari yangu yote ya pini 16 na kilomita tatu. Akasikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali moja tu.

"Mliiona ikiwashwa ikiwa baridi?"

Hatukuiona. Tulipofika ilikuwa tayari na moto. Joto 84, nililisoma mwenyewe nikaliandika kama jambo zuri.

Akatuambia mambo ambayo nayaweka hapa kwa faida ya mwenye nia ya kununua. Dizeli iliyochoka huificha aibu yake ikishapata moto. Kwa hiyo nenda alfajiri bila taarifa, weka kiganja juu ya boneti, kama ni vuguvugu rudi nyumbani. Ikiwashwa baridi, sikiliza sekunde 30 za mwanzo na uangalie moshi. Moshi mweupe unaouma macho ni dizeli isiyoungua, ama nozeli zimechoka ama mbano umeshuka. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ukikanyaga ghafla ni mafuta mengi kuliko hewa, na hapo tazama turbo na kichujio cha hewa kabla ya kuogopa. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikicheza kidogo si neno, kikirushwa, pistoni zinapitisha.

Kuhusu 1KD alikuwa na la ziada. Injekta zake zinafanya kazi kwa mgandamizo unaozidi bar 1,000, matundu yake huyaoni vizuri kwa macho matupu, kwa hiyo haziwezi kabisa maji na taka. Sisi huku vijijini dizeli tunaiuza kwa madumu, na miaka ya nyuma ilichanganywa sana na mafuta taa mpaka serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili mchezo huo usilipe. Tena chini ya kila injekta kuna pete ya shaba, kikole kidogo cha kuziba. Kikivuja, moshi wa mwako unapita na kuigeuza oili kuwa masizi mazito, masizi yanaziba chujio la chini ya injini, pampu ya oili inakosa cha kunyonya. "Hapo injini inakufa kwa kiu," alisema, "na oili imejaa." Gari linaweza kutembea hivyo mwaka mzima bila mtu kujua.

Siku ya nne alfajiri tukavuka Likoni na fundi kiti cha mbele cha teksi. (Siku hizi barabara ya Dongo Kundu ipo tangu 2024 na ukitaka unaikwepa feri kabisa, lakini fundi anapenda feri.) Tulifika yadi kabla ya mwenyewe, mlinzi akatufungulia. Boneti baridi kama jiwe. Muuzaji alipokuja na kuona fundi akataka kuiwasha yeye mwenyewe na kuikanyaga sana. Fundi akasema, "La, bosi, mpe kaka huyu ufunguo."

Ikalia mara tatu ndipo ikashika. Ikagonga kama mtu anayepiga karanga kwenye kinu, na moshi mweupe ukatanda mpaka ukaificha gari ya nyuma yake. Baada ya dakika nne ikatulia, ikawa ile ile Hiace nzuri ya juzi. Fundi wa umeme tuliyempitia njiani, mwenye kifaa cha Toyota, akasoma marekebisho ya injekta, yaani kompyuta inaiongezea au kuipunguzia kila injekta kiasi gani ili injini isitikisike. Namba nzuri huwa karibu na sifuri. Mbili zilikuwa hivyo. Ya tatu ilipita 4, na ya nne ilikuwa inaifuata. Kifuniko cha oili kilirukaruka. Gharama ya injekta nne mpya na kazi, kwa hesabu ya fundi, ingezidi laki mbili, na hapo hujafungua chini kutazama hilo chujio.

Tuliomba bei ishuke. Muuzaji akakataa. Tukaomba arubuni yetu, akasema arubuni hairudi, risiti imesema hivyo. Kweli ilisema, kwa herufi ndogo za kalamu ambazo pia sikuzisoma. Sikuwa nikisoma kitu siku ile.

Nilipanda Kikoneni jioni nikamwambia Mama. Nilimwambia lote, pamoja na lile la kujitapa. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema, "Kula kwanza mwanangu, halafu mwite mjomba wako." Hakuongeza neno, na ningependa zaidi kama angenigombeza.

Kwa wasiotujua sisi Wadigo: zamani mali ya mtu ilikwenda kwa watoto wa dada yake, si kwa wanawe. Uislamu na sheria za serikali zimebadilisha mengi, lakini mjomba bado ana kauli yake, na mjomba wetu ni mtu wa maneno machache aliyeuza mifugo miaka 40. Alikwenda yadi na kaka, mimi nikaambiwa nibaki. Kaka anasema mjomba alikaa ofisini kwa yule bwana saa tatu nzima, akinywa chai, akizungumzia mvua, akiulizia ukoo wake mpaka akapata kwamba bibi yake ametokea Vanga. Saa ya nne wakarudishiwa 60,000. Elfu 40 zikapotea. Mama nilimlipa mimi zile 40, ijapokuwa kaka alitaka tugawane.

Ya pili hatukuitafuta, ilitutafuta. Fundi alipiga simu akasema kuna mwalimu mstaafu Msambweni anauza Hiace ya umbo la zamani, ya 2003, imeingia nchini 2008, injini 5L. Nilipoisoma 5L kwenye simu nikaona ni 2,986, karibu sawa na ile nyingine, ila hapo ndipo kufanana kulipoisha. Haina turbo. Pampu ni ya vyuma vitupu. Nozeli zake hufunguka kwa bar mia na kitu tu, kwa hiyo hata dizeli isiyo safi sana inaimeza na kulalamika kidogo.

Nilikwenda na kipakatalishi changu mgongoni kwa mazoea. Nikainama chini ya usukani na tochi. Hakukuwa na cha maana cha kuzungumza nacho. Kaka aliniona nikiinuka mikono mitupu akacheka mpaka akashika mlango, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu habari ya arubuni.

Mileji ilikuwa imekwama 391,000, na mwalimu alisema hivyo mwenyewe kabla hatujauliza: ilikufa miaka mingi, yeye hakuona haja ya kuitengeneza. Badala yake akaleta madaftari mawili ya shule yenye jalada la buluu. Gari lilikuwa na mkataba wa kubeba wafanyakazi wa hoteli Diani, na kila alipomwaga oili aliandika tarehe, aina ya oili, kichujio, na jina la aliyefanya kazi, tangu 2011. Kuna kurasa zina doa la oili lenyewe. Mwaka 2020 kuanzia Aprili kurasa ni tupu miezi saba, hoteli zilipofungwa na korona, halafu mstari mmoja: betri mpya, dizeli ya zamani imemwagwa yote. Nilizisoma zote, safari hii mpaka mwisho, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya msikiti jirani, huku fundi akifanya yake.

Fundi aliiwasha baridi. Ilitoa moshi kidogo na kelele nyingi, ikakaa. Alifungua rejeta akatazama kama maji yanatoa mapovu, kwa sababu injini za ukoo huu wa L zinachukia joto, na ikishachemka mara moja kichwa chake kinaweza kupata ufa. Hayakutoa. Alizunguka chini na bisibisi akiichoma bodi, na huko ndiko tulikokuta ubaya wake: chumvi ya bahari ya Diani imekula kizingiti cha mlango wa kuteleza, bisibisi ilizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Mwalimu akashusha bei kwa hilo bila ubishi. Tukalichukua kwa 640,000.

Kabla ya kulipa nilifanya kazi moja niliyostahili kuifanya: nilitafuta rekodi ya umiliki kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Gharama yake ni mia kadhaa tu, na inakuonyesha jina la mwenye gari na kama kuna benki iliyolishikilia. Usikubali kutazama logibuku peke yake. Uhamisho nao hufanyika huko huko, muuzaji anaanzisha na mnunuzi anakubali, na sisi tulilipa salio tukiwa tumekaa pamoja mezani baada ya hatua hiyo, si kabla.

Zile zilizobaki hazikubaki sana. Mkanda wa taimingi tuliubadilisha siku ya pili hata bila kujua umri wake, maana daftari liliruka hapo na mkanda ukikatika kwenye dizeli vali na pistoni hukutana. Kizingiti kilichomelewa. Kidhibiti mwendo kikafungwa, kile cha kilomita 80 kwa saa ambacho Wakenya tunakijua tangu sheria za Michuki za 2004. Ukaguzi. Bima. Kuingia sacco, kwa sababu kanuni za 2014 zinataka gari la abiria liwe chini ya sacco au kampuni yenye magari angalau 30. Wapo jamaa huku kwetu wanaobeba abiria wa kulipa kwa bima ya gari la nyumbani, na kaka alishawishiwa hivyo na rafiki yake mmoja. Nilikataa kata kata. Siku ya ajali kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukuachia majeruhi 14 mkononi, na hapo hata shamba la korosho halitatosha. Ni jambo pekee katika safari hii yote ambalo kaka alinisikiliza bila kuuliza.

Sasa ni mwezi wa tatu. Haina mbio, kilima cha mwisho kabla ya nyumbani inakipanda kwa gea ya kwanza huku abiria wakiipigia makofi. Inaingiza pesa, si nyingi, siku nzuri inatosha na siku ya matope haitoki. Mama hukaa mbele siku ya kliniki na huwaambia watu "nisani ya wanangu", maana kwake kila gari la watu 14 ni nisani hata likiandikwa Toyota mlangoni. Kaka amenunua daftari la buluu. Mimi nilitaka kumtengenezea programu ya simu ya kuweka hesabu na matengenezo, nikaanza hata kuchora meza za hifadhidata, nikaacha. Daftari linakaa chini ya kiti na halihitaji chaji.

Skripti nitaiweka hapa wiki ijayo kwa wanaoitaka, nikishaongeza kitu kimoja: safari hii itaanza kwa kuchapisha swali namba 31, kwa herufi kubwa, kabla ya jibu jingine lolote.

Juzi tulikuwa tumeegesha Ukunda tukisubiri abiria, ikapita ile nyeupe. Ilikuwa ni ile, namba naijua kwa moyo. Imechorwa ubavuni, imejaa, muziki juu, inaelekea Likoni kwa mwendo mzuri na haitoi moshi hata chembe. Labda wameitengeneza. Labda ilikuwa tu na moto. Kaka aliifuata kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona.

"Elfu arubaini zetu hizo," alisema, "zinaenda mjini."